Nguvu za Mkono Haziwashi Mashine

NDUGU msomaji, Jumapili hii nimekusudia kukusimulia aibu iliyonipata baharini. Sikusimulii ili kukuchekesha, bali kwa kuwa ndani ya aibu ile limo somo linaloweza kuokoa roho ya mtu wa nyumbani kwako. Wengi wetu tufanyao kazi mjini tunao jamaa pwani au kando ya maziwa, na pengine ukoo mzima umechangishana kununua mashine kuukuu ya boti, ile inayofungwa tezini na kuwashwa kwa kuvuta kamba. Siku moja utakwenda likizo, utakabidhiwa kamba hiyo, na wote waliomo chomboni watakutazama wewe.

Mimi nilikabidhiwa pale Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Mjomba wangu, mvuvi wa siku nyingi, aliniazima mashua yake ndogo yenye mashine ya nguvu za farasi 8, ili nimpeleke mwanangu wa miaka 10 kisiwani Mbudya. Kwenda tulikwenda salama, kwa kuwa mjomba mwenyewe ndiye aliyeiwasha kabla hatujaondoka. Tulipofika kisiwani, nikaifunga skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi la petroli, kama alivyoniagiza.

Alasiri tukaanza safari ya kurudi. Nilivuta kamba, mashine ikaitika, nami nikajiona nahodha. Baada ya dakika chache ikazima. Nikavuta tena, ikaguna, ikanyamaza. Nilivuta mpaka kiganja kikachubuka, huku upepo wa kusi ukivuma na mkondo ukituchukua kuelekea kaskazini. Chomboni hamkuwa na kafi wala jaketi la kuokolea maisha. Mwanangu hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, kwani wewe unajua?" Swali hilo liliniuma kuliko malengelenge ya mkono.

Wavuvi waliokuwa wakirejea na dau lao walitufunga kamba, wakatukokota mpaka pwani. Mjomba hakunigombeza. Aliinama, akalitazama lile bonge la mpira lililo katikati ya mpira wa kupitishia mafuta, ambalo lilikuwa limenywea kama puto lililotoboka. Akaniuliza, "Mpwa wangu, hewa ulifungua?"

Sikuwa nimefungua. Mashine ilikunywa mafuta yaliyokuwa tayari ndani yake na ndani ya mpira, kisha ikashindwa kuvuta zaidi, kwani tangi lisiloingiza hewa halitoi petroli. Bonge lile lilikuwa likiniambia hayo muda wote. Nililiona, nisilielewe, nikaendelea kushindana na kamba.

Ndugu msomaji, wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mashine ya aina hii, hata iwe kuukuu namna gani, inadai mambo matatu tu: mafuta, hewa na cheche ya moto. Likikosekana moja, hata ukivuta kwa nguvu za watu kumi, haitawaka. Jumamosi iliyofuata mjomba alinifundisha pale pale pwani, maji yakiwa kiunoni, naye alinitaka nifuate utaratibu bila kuruka hatua.

Kwanza ni mafuta. Mashine nyingi za zamani hazina mahali pa kutilia oili peke yake. Oili huchanganywa na petroli. Kipimo cha nyingi miongoni mwao ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 katika lita 5. Nyingine zilizo kuukuu zaidi hutaka oili nyingi kuliko hiyo, kwa hiyo usome maandishi yaliyo kwenye mashine au kitabu chake. Nunua oili ya mashine za boti, yenye alama TC-W3, wala usichukue ya pikipiki. Petroli iliyolala miezi mingi usiitumie, kwani huacha utando unaoziba kabureta.

Pili ni matayarisho. Kaza skrubu mbili zinazoibana mashine tezini, uifunge na kamba ya akiba ili isije ikatumbukia. Hakikisha rafadha imezama majini na haigusi mchanga. Fungua skrubu ya hewa. Unganisha mpira wa mafuta, kisha liminye lile bonge mpaka liwe gumu. Mshale wake uelekee kwenye mashine. Gia iwe huru, isiwe mbele wala nyuma, maana mashine ikiwaka ikiwa ndani ya gia yaweza kumtupa mtu baharini. Ikiwa ina kamba ya kuzimia, ifunge kwenye mkono wako.

Tatu ni kuwasha. Mashine ikiwa baridi, vuta choki. Elekeza mkono wa mafuta mahali palipoandikwa pa kuwashia. Tazama nyuma yako, asiwepo mtoto wa kupigwa na kiwiko. Sasa vuta kamba polepole mpaka uhisi inagoma. Hapo ndipo uvute kwa mkupuo mmoja, moja kwa moja, bila kuifikisha kamba mwisho wake. Usiiachie ghafla, irudishe kwa mkono. Ikiguna, sukuma choki ndani nusu, uvute tena. Ikiisha kuwaka, iache ipate moto kidogo, kisha rudisha choki yote.

Usishangilie bado. Tazama nyuma ya mashine, mahali panapotoka uzi wa maji. Maji hayo ndiyo yanayoipoza. Yasipotoka katika muda mfupi, zima mara moja, kwani huenda tundu la kuingizia maji limezibwa na mwani, au mpira wa pampu umechakaa. Mashine iliyokosa maji hujiunguza yenyewe.

Na ikikataa? Mjomba ana sheria moja: ukivuta mara tano bila jibu, kaa chini, fikiri. Je, hewa ya tangi i wazi? Bonge ni gumu? Kamba ya kuzimia imekaa mahali pake? Ukisikia harufu kali ya petroli, mashine imelewa: rudisha choki, fungua mkono wa mafuta, vuta mara kadhaa ili ijikaushe. Bado? Fungua plagi. Ikiwa imelowa petroli, ifute na kuikausha. Ikiwa nyeusi kwa masizi, isugue au weka mpya. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Haya yote yafanyike bila sigara wala kiberiti karibu.

Mkirudi, iendeshe mashine kwa dakika chache ndani ya pipa la maji ya bomba, kwani chumvi huila taratibu bila kelele.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyeanza kuuza mashine zake za boti huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Husemwa kwamba alipata wazo hilo siku alipopiga makasia ziwani chini ya jua kali kumletea mchumba wake barafu tamu, nayo ikayeyuka njiani. Kiwe kweli au la, kisa hicho hutukumbusha kwamba mashine ilikuja kuupumzisha mkono, si kuliondolea chombo kasia lake. Kwa hiyo, hata ukiwa fundi, beba makafi, jaketi kwa kila mtu, maji ya kunywa, plagi ya akiba na spana yake.

Mwezi uliofuata tulirudi Mbudya. Wakati wa kuondoka kisiwani nilishika kamba, na kabla sijavuta, mwanangu akainama kwenye tangi, akagusa skrubu, akasema, "Hewa nimefungua, baba." Nilivuta mara mbili, mashine ikawaka, na uzi wa maji ukatoka.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wewe na jamaa zako mapumziko mema.