Kabla Hujanunua Printa ya Lebo, Soma Hii

Tangu nianze kupiga video za bidhaa za hapa kwetu, swali linaloingia sana kwenye simu yangu ni moja: "Ndugu, ninunue printa gani ya lebo?" Anauliza mwenye mabuyu, anauliza mwenye achari, anauliza mwenye mafuta ya nazi, asali, halua, krispi za muhogo. Jibu langu huwa ni lile lile, na najua halifurahishi: usinunue bado. Lebo yako na hesabu zako hazijuani, na hiyo printa mpya haitawajulisha.

Hebu tuhesabu. Bidhaa moja unaiandika mara ngapi? Kuna daftari la jikoni, umeandika "achari embe". Kuna Excel ya stoku, hapo inaitwa "Achari 250". Kuna eTIMS ya KRA, huko mtu wa saiba alikusajilia "Mango pickle". Kuna ile stika uliyochorewa na mpwa wako, "Achari Kali ya Embe 250g". Halafu kuna oda za WhatsApp, ambako kila mteja anaiita anavyojua yeye. Chupa moja, majina matano. Tarehe ya kuisha muda je? Hiyo mwaandika kwa kalamu ya maka usiku, mkiwa mmechoka, chupa baada ya chupa.

Wengi huniambia, "Lakini lebo yangu inapendeza." Ndiyo, inapendeza. Lakini lebo ni ahadi kwa mtu usiyemjua. Inamwambia hiki ni nini, kimetengenezwa na nani, lini, kitaharibika lini, uzito gani, na kimetoka mkupuo upi. Na hiyo nambari ya mkupuo, watu huiita bechi, ndiyo wengi wetu hatuna kabisa, au tunayo kwa ajili ya pambo tu.

Kumbukeni Novemba 2019. KEBS ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na mwanzo wa 2020 zikafuata nyingine kumi na saba. Hao walikuwa wasagaji wenye viwanda. Sasa jiulize wewe wa Majengo au Shella: siku duka likikupigia simu kwamba chupa moja imechacha, utajua ni ya siku gani? Utajua wenzake wako duka lipi? Kama lebo haikutoka kwenye rekodi yako, njia ni moja tu: kukusanya chupa zote, nzuri na mbovu, na kula hasara. Na lile duka halitakurudisha kwenye rafu haraka. Aliyeunganisha lebo na stoku anafungua kompyuta, anatafuta bechi, anaona chupa thelathini zilikwenda maduka mawili. Anazifuata hizo thelathini. Biashara inaendelea.

Sasa, kuunganisha ni nini? Msiogope hilo neno. Ukilipa supamaketi kwa M-Pesa na mashine ya keshia ikaona pesa zimeingia bila yeye kuangalia simu yako, hapo programu mbili zimeunganishwa. Kitu kimeandikwa mara moja, kikasomwa kote. Lebo nayo ni hivyo hivyo, na ina ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza haina gharama mpya kama kompyuta unayo. Tengeneza jedwali moja la bidhaa zako: kodi, jina kamili, uzito, viungo, siku ngapi inakaa, nambari ya kibali cha KEBS, barkodi. Jedwali la pili ni la bechi: leo tumetengeneza nini, chupa ngapi. Tarehe ya kuisha usiiandike, iache Excel ijumlishe yenyewe: tarehe ya leo, ongeza siku za kukaa. Kisha fungua Word, sehemu iliyoandikwa Mailings, uichukue ile orodha iingie kwenye karatasi ya stika. Kiolezo kimoja, data kutoka jedwali.

Ngazi ya pili ni programu ya lebo yenyewe, kama BarTender au NiceLabel. Hizi zinajua kusoma Excel au hifadhidata moja kwa moja. Unachora lebo mara moja, unaacha nafasi wazi za jina, bechi na tarehe, halafu unachagua mstari na idadi. Hapa ndipo printa ya lebo inapoanza kuwa na maana.

Ngazi ya tatu ni mfumo wa biashara kuiamuru printa wenyewe. Ukirekodi bechi mpya kwenye mfumo kama Odoo, lebo zinatoka. Printa za Zebra, kwa mfano, zina lugha yao inaitwa ZPL, maandishi ya kawaida tu ambayo programu nyingine inaweza kuyatuma. Kijana aliyesoma programu anaifanya kazi hii bila maajabu. Lakini ngazi hii ni ya mwenye oda nyingi. Usianzie huku kwa sababu umeona video ya ghala la China.

Sasa mitego, maana hii nimeiona kwa macho yangu kwenye kompyuta za watu. Barkodi ya bidhaa ina tarakimu 13. Ukiiandika kwenye Excel kama nambari ya kawaida, inaonekana 6.16E+12, na ukihifadhi faili kama CSV kisha ukaifungua tena, tarakimu za mwisho zimekwenda. Bechi 007 nayo inakuwa 7. Dawa: badilisha ile safu iwe ya maandishi kabla hujaandika chochote.

Tarehe ndiyo hatari zaidi. Word ikichukua tarehe kutoka Excel, mara nyingi huigeuza kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele siku nyuma. Achari inayoisha tarehe 5 Novemba 2026 inachapwa 11/05/2026. Mteja wa Kilifi anasoma 11 Mei. Umejikata miezi sita ya mauzo, au kwa tarehe nyingine umemuuzia mtu kitu kilichopitwa na wakati ukidhani uko salama. Mwezi uandikwe kwa herufi: 05 NOV 2026. Hapo hakuna ubishi.

Na barkodi jamani, msiichukue mtandaoni. Zile zinazoanza na 616 hutolewa na GS1 Kenya, na kila moja ina mwenyewe. Ukinakili ya mtu, siku keshia akiiskani, mashine itataja bidhaa ya mwingine mbele ya foleni nzima.

Kibali nacho kiwe kwenye jedwali, kisiandikwe upya kila mara. Mteja anaweza kutuma nambari ya alama ya KEBS kwa SMS kwenda 20023 kuhakikisha bidhaa ni halali. Ukikosea tarakimu moja, jina lako halitatokea, na wewe mtu wa haki utaonekana tapeli.

Halafu eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi, isipokuwa chache zilizosamehewa. Ndiyo maana duka linakudai ankara hata kwa katoni moja. Kama kodi ya bidhaa kwenye ankara ni ile ile iliyo kwenye lebo na kwenye stoku, mpokea mzigo anahakiki kwa dakika mbili. Zikiwa tofauti, mzigo unasimama mlangoni na pikipiki inakungoja kwa pesa yako.

Kuna wenzangu hawakubaliani na mimi. Mmoja aliniambia, "Wewe wataka kumgeuza mama wa mabuyu kuwa benki." Namwelewa. Mwenye kuuza pakiti kwa majirani hahitaji haya yote. Lakini siku anayotaka rafu ya duka, au mzigo wake ufike Nairobi, amevuka mstari, na huko hakuna anayemjua kwa sura. Mwingine akasema stima hukatika na bando huisha. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema faili ikae kwenye kompyuta yako, na nakala kwenye flashi. Ngazi ya kwanza haihitaji intaneti kuchapa.

Na niseme ukweli mwingine: ukiunganisha, kosa moja linaenea kote. Ukiandika gramu 520 badala ya 250, lebo zote zitadanganya. Kwa hivyo chapa moja kwanza, isomwe na mtu mwingine, skani barkodi kwa simu, ndipo uchape mia mbili. Uzuri ni kwamba ukirekebisha pale kwenye jedwali, umerekebisha kila mahali.

Ninachokiona mimi ni kazi imelala hapa. Kilifi mjini tuna Chuo Kikuu cha Pwani, tuna vyuo vya ufundi, tuna vijana wanaojua Excel na kodi za kompyuta wakikaa baraza wakingoja ajira ya kaunti. Na ng'ambo ya barabara kuna kina mama na vikundi wanaopika vizuri lakini wanarudishwa na maduka kwa sababu ya stika. Siku mbili za kazi zatosha kumpanga mtu mmoja. Mtoze bei ya haki, umfundishe binti yake aendeleze, uende kwa mwingine. Na nyinyi mnaogawia vikundi mashine kwa picha na makofi, ongezeni siku hizo mbili kwenye bajeti. Mashine bila rekodi huishia kufunikwa leso kwenye pembe ya chumba.

Basi, usiku wa leo usitafute bei ya printa. Chukua karatasi, andika bidhaa zako zote, kila moja kwa jina moja na kodi moja. Ukiona majina yanagongana, hapo ndipo pa kuanzia. Ukikwama, niandikie, tutazame pamoja.