Nairobi au Eldoret: Shauri la Nyumba Moja



Juma hili nimepokea barua ya mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Binti yake amepata alama ya A katika mtihani wa KCSE na nia yake ni kusomea udaktari. Vyuo viwili viko mbele yake: Chuo Kikuu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Eldoret. Baba ameshikilia Nairobi kwa hoja kwamba jina lake linajulikana ulimwenguni. Binti moyo wake uko Eldoret. Nyumba imegawika, baba na mwana hawasemezani siku ya nne sasa, na muda wa kupanga chaguo katika mtandao wa KUCCPS unakaribia kwisha. Mama anauliza ni nani aliye na haki.

Mama yangu, kwanza tushukuru. Barua nyingi zinazonifikia msimu huu ni za watoto waliokosa nafasi. Wewe umeletewa sahani mbili na tatizo lako ni ya kulia au ya kushoto. Hata hivyo naujua uzito wake, kwa kuwa neema isiposhauriwa vyema huweza kuvunja nyumba kama ivunjavyo dhiki.

Tuvitazame vyuo vyenyewe kwa insafu. Nairobi ndicho chuo kikuu kikongwe zaidi nchini. Asili yake ni Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilichofunguliwa mwaka 1956, nacho kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Skuli yake ya udaktari ilianza mwaka 1967, na wanafunzi wake hujifunzia katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako hupelekwa maradhi mazito kutoka kila pembe ya nchi. Madaktari wengi waliotutibu sisi na wazee wetu wamepitia hapo.

Moi kiliasisiwa mwaka 1984, kikiwa chuo kikuu cha pili cha umma. Skuli yake ya udaktari ilikuja miongo miwili hivi baada ya ile ya Nairobi, na wanafunzi wake hujifunzia katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Wao walichagua njia yao ya kusomesha. Wanafunzi hukaa katika vikundi vidogo, hupewa kisa cha mgonjwa, kisha hutafuta wenyewe elimu ya kukitatua. Tena hupelekwa vijijini, kwenye vituo vya afya, wakayaone maradhi pale yanapoanzia. Ushirikiano wao na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulizaa mpango wa AMPATH, unaosifika kwa kuwatibu watu wenye virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya.

Kote kuwili masomo ni ya miaka sita. Baada yake kuna kazi ya mafunzo hospitalini, na baraza linalosajili madaktari ni lile lile moja. Mgonjwa atakayelazwa Hospitali Kuu ya Pwani usiku wa manane hatamuuliza daktari alisoma mji gani. Atatazama kama mkono wake una ujuzi na ulimi wake una huruma.

Basi swali la nyumba yenu lisiwe chuo kipi ni bora. Liwe chuo kipi kinamfaa binti huyu. Yatazameni mambo matatu.

La kwanza ni namna anavyosoma. Wako watoto wanaochanua wanapokaa na wenzao wakajadiliana na kubishana kwa hoja. Wako wanaopenda mwalimu atangulie, wao waandike, kisha wajifungie na vitabu vyao. Huyu ni yupi? Baba hawezi kulijibu hilo kwa kutazama sifa za chuo. Ajuaye ni binti mwenyewe, na walimu waliomsomesha miaka minne.

La pili ni gharama. Tangu mwaka 2023 serikali imeweka mfumo ambao ufadhili na mkopo wa mwanafunzi hupimwa kwa uhitaji wa familia yake, na kilichobaki hulipwa na nyumba. Mfumo huo umeshitakiwa mahakamani, kwa hiyo fuatilieni hali yake ilivyo sasa. Gharama ya somo moja huweza kutofautiana baina ya chuo na chuo. Kaeni na karatasi muandike karo, malazi, chakula, vitabu na nauli, mzidishe kwa miaka sita. Wala msilisahau suala la riba. Mkopo wa HELB kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza huongezwa asilimia 4 kila mwaka. Jambo hili lisingoje siku ya kutia saini. Iulizeni bodi mapema kama upo utaratibu usio na riba, na ulizeni basari za kaunti na za eneobunge, na kamati ya zaka ya msikiti wenu. Kumsomesha daktari wa kike wa mji huu si mzigo wa baba mmoja peke yake.

La tatu ni umbali, nalo najua ndilo linalokukosesha usingizi, ijapokuwa hukuliandika wazi. Nairobi ni kilomita 480 hivi kutoka Mombasa, na tangu mwaka 2017 kuna treni ya kumleta mtoto nyumbani kwa siku moja. Eldoret ni zaidi ya kilomita 300 mbele ya hapo, nyanda za juu, baridi yake si ya mtoto wa Pwani. Lakini jueni kwamba makao makuu ya Moi yako Kesses, nje ya mji, ilhali wanafunzi wa udaktari wako Eldoret mjini, karibu na hospitali. Misikiti ipo, na Waislamu wapo. Kabla ya kusema huko ni mbali, mtafuteni mzazi ambaye binti yake yuko huko sasa, mumuulize anakaa wapi, anakula wapi, anasali wapi. Nairobi nako mfanye vivyo hivyo. Mji kuwa karibu hakumhifadhi mtoto, na kuwa mbali hakumpotezi.

Mzee wangu, baba wa binti, neno hili ni lako. Umelipenda jina la Nairobi kwa sababu unampenda mwanao, nami siitii ila nia hiyo. Lakini mkumbuke Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa hii hii. Alama zake za shule hazikumwezesha kuingia Makerere, akafanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Baadaye alisoma Manchester, Columbia na Oxford, kisha akarudi Makerere kuwa profesa wa chuo kile kile kilichomkosa. Jina la chuo ni mlango. Kilichomo ndani ya mtu ndicho kinachodumu.

Na wewe binti yangu, kuwa na hoja si ruhusa ya kumnyamazia babako. Nenda umwamkie leo. Mweleze kwa adabu kwa nini Eldoret, na umsikilize kwa nini Nairobi. Kama sababu yako ni kwamba rafiki zako wanakwenda huko, hiyo si sababu.

Watu wengi huniuliza kuhusu istikhara. Istikhara ni njema, lakini haichukui nafasi ya kuuliza na kuhesabu. Tafuteni habari, shaurianeni, kisha binti mwenyewe asali rakaa mbili na aombe. Asingoje ndoto. Likishaelekea jambo, ashike njia, na nyinyi wazazi mtie radhi zenu.

Jibu langu kwa swali lako, mama, ni hili: haki ya kushauri ni ya baba, na haki ya kuchagua ni ya yule atakayekesha miaka sita juu ya vitabu. Gharama zikilingana na mkiridhika na makazi, mwacheni apange chaguo lake. Ila msikawie. Mchagua nazi hupata koroma, na mtandao ule ukifungwa haumngoji mtu apatane na babake.

Wabillahi taufiq.