Kula kwa Huyu, Kura kwa Yule

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, kuna ushauri unaozunguka vijiweni, saluni na mitandaoni, na kila anayeutoa hujiona mwerevu: wakija na hela zao kuleni, kura mpeni mnayemtaka. Si ni kodi zetu hizo? Wasikilizaji hucheka, wakaitikia. Wanasiasa wa upinzani nao wamewahi kuuhubiri majukwaani, tena kwa mbwembwe. Kwangu mimi ushauri huu ni mbaya kuliko rushwa yenyewe. Mla rushwa angalau hujificha. Huyu mshauri anataka apigiwe makofi.

Anayegawa fulana, kanga, sukari na ile inayoitwa nauli hategemei kila aliyepokea ampigie. Wapambe wake wanajua fika kwamba wapo watakaokula na kunyamaza. Hanunui kura yako peke yake, ananunua uwanja mzima. Ikishazoeleka kwamba mkutano hauendi bila hela ya soda, mwalimu wa shule ya msingi mwenye kichwa kizuri na jina safi hachukui fomu. Na akithubutu, ataulizwa na wazee wa chama chake amejipangaje, na hakuna asiyejua swali hilo linahusu nini. Siku ya kupiga kura wewe mjanja unaingia kwenye kituturi, unamnyima aliyekulisha, unampa mwingine. Yule mwalimu hayumo kwenye karatasi. Na huyo mwingine, mara nyingi, naye aligawa, ila alianzia mtaa wa pili.

Mahakama iliwahi kuliona jambo hili. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuingiza vifungu vilivyosema kwamba ukarimu wa kawaida au wa jadi, ukifanywa kwa nia njema, hauhesabiki kuwa rushwa. Takrima ikawa halali. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na mashirika mengine mawili, LEAT na NOLA, wakaenda kupinga, na Aprili 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakavitangaza vifungu hivyo kuwa vinakiuka Katiba. Sababu mojawapo ilikuwa ubaguzi: mwenye nacho anapewa njia ambayo asiye nacho hana. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi kuweka ukomo wa matumizi. Sheria ipo, na bahasha zipo.

Wanaotetea takrima hukimbilia mila. Mila ipi? Kwetu mgeni akipiga hodi, mwenyeji ndiye anayehangaika kukamata kuku. Mgombea anayekuja kijijini kuomba ni mgeni. Huyu wa siku hizi anakuja na sufuria zake, spika zake na mpiga picha wake, anawapikia wenyeji pilau uani kwao, na bado tunaambiwa ndio ukarimu wa mababu! Hata mchango wa msiba una utaratibu wake. Jirani akikuletea rambirambi, siku yake ikifika nawe unakwenda, mikono si mitupu. Ni deni la watu walio sawa. Mgombea ukimrudishia shilingi elfu tano zake atakushangaa, maana hakuzitoa ili zirudi kama pesa.

Tena tumeshazoezwa kiasi kwamba hatutofautishi tena mfuko wa mtu na mfuko wa umma. Tangu 2009 Tanzania ina sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, fedha za serikali zinazopelekwa majimboni. Lakini sikiliza mabati yanavyokabidhiwa: mbunge ametutolea, mbunge ametukumbuka, akina mama wapige vigelegele.

Nyumba za ibada nazo zimo, ndiyo maana lililotokea Kenya Novemba 2024 liliwashtua wengi. Rais William Ruto alitoa shilingi milioni 2.6 katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, zikiwemo za kwaya na za nyumba ya padri. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa. Nyumba ya padri ilikuwa bado inahitajika, na hakuna aliyejifanya haihitajiki. Lakini askofu hakusema tule kwanza, tutajua wenyewe tutakavyopiga kura.

Najua nitaambiwa: mama ambaye wanawe wanakunywa chai isiyo na sukari aikatae kilo aliyoletewa mlangoni? Asikatae. Sina ubavu wa kumlaumu. Ninayemlaumu ni kijana mwenye mshahara na bando la mwezi, anayeandika "kuleni tu" akijua hatapanga foleni ya hiyo sukari. Yeye ndiye mwenye nafasi ya kusimama kwenye mkutano, tena mapema, wakati wa kura za maoni, akauliza kwa sauti: mheshimiwa, hizi unazogawa umezitoa wapi, na mpaka sasa umetumia kiasi gani? Sheria ya 2010 inamtaka mgombea atoe taarifa za fedha zake za uchaguzi. Wapambe watamzomea. Na azomewe.