Mashine inashuku, haitabiri

Neno "kutabiri" limeanza kutumiwa ovyo katika mazungumzo ya tiba. Twaambiwa kwamba tarakilishi sasa yaweza kutabiri kasoro ya mapigo ya moyo kwa mtu aliyekwisha kupatwa na kiharusi. Katika Kiswahili, mtabiri hunena la kesho. Kinachofanywa na mashine hizi aghalabu ni kusoma athari za jambo ambalo yamkini lilikwisha kutokea likapita bila kuonekana. Huu si ubishi wa wanaisimu tu, kwani tofauti hiyo huamua dawa atakayopewa mgonjwa.

Hebu tuuangalie ugonjwa wenyewe. Vyumba viwili vya juu vya moyo huweza kupapatika badala ya kudunda kwa mpango. Damu huzubaa humo ikaganda, na donge likichukuliwa hadi ubongoni huziba mshipa. Hatari ya kiharusi huongezeka yapata mara tano. Taabu ni kwamba mpapatiko huo huja na kwenda. Mgonjwa hufikishwa hospitalini mdomo umepinda, akapimwa umeme wa moyo kwa sekunde 10, na mchoro ukaonyesha mapigo sawasawa. Utafiti wa CRYSTAL AF, uliochapishwa mwaka wa 2014, ulihusu wagonjwa ambao chanzo cha kiharusi chao hakikujulikana. Miongoni mwa waliotiwa kipima moyo chini ya ngozi, asilimia 12.4 waligunduliwa kuwa na mpapatiko katika mwaka mmoja. Waliofuatiliwa kwa njia za kawaida, asilimia 2 tu.

Mwaka wa 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza katika jarida la Lancet jinsi walivyotumia michoro karibu 650,000 ya watu wapatao 181,000, yote ikiwa ya moyo unaopiga sawasawa. Mashine haikuelekezwa itazame alama ipi, ilijitafutia yenyewe. Kwa mchoro mmoja tu iliweza, kwa usahihi wa asilimia 79, kuwatenga watu waliokuwa na rekodi ya mpapatiko nyakati nyingine. Ni kazi ya kustaajabisha. Hata hivyo, katika kila watu watano hukosea kwa mmoja.

Je, huyo mmoja apewe dawa ya kuzuia damu isigande? Dawa hizo huweza kuvujisha damu, hata ndani ya ubongo. Katika jaribio la NAVIGATE ESUS, lililochapishwa mwaka wa 2018, wagonjwa wa kiharusi kisichojulikana chanzo walipewa rivaroxaban pasipo kungoja mpapatiko uonekane. Haikuishinda aspirini katika kuzuia kiharusi cha pili, na visa vya kuvuja damu vikazidi. Basi mashine inapomshuku mtu, na neno "kushuku" ndilo lifaalo hapa, afuatiliwe kwa kipimo cha muda mrefu kwanza.

Kwetu Afrika Mashariki lipo swali jingine. Mashine huujua moyo wa aina iliyoonyeshwa. Huko Marekani wenye mpapatiko aghalabu ni wazee. Hapa wamo pia vijana ambao vali za moyo wao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanzia kwenye maumivu ya koo ya utotoni. Kabla hospitali zetu hazijanunua programu ya namna hii, hapana budi muuzaji aulizwe ilijaribiwa kwa wangapi wa vijana hao, na matokeo yalikuwa yapi.