Hasi si kutoa

Juzi kijijini Ngao, mwanafunzi wa Gredi ya 8 alinikaririra kanuni bila kusita: "Minasi mara minasi ni plasi." Nilipomuuliza sababu, aliinamisha kichwa.

Kosa si lake. Darasani alama moja hubebeshwa kazi mbili, na zote huitwa "minasi". Ilhali Kiswahili kimezitenga: hasi ni hali ya namba, kutoa ni tendo. Asiyetofautisha hayo atakariri tu, hataelewa.

Mwaka wa 628, Brahmagupta wa Bara Hindi alizieleza namba hizi kama mali na deni. Tumfuate. Mwenye shilingi 700 mfukoni na deni la 200 dukani, mali yake halisi ni 500. Mwenye duka akimfutia deni, mali hiyo inarudi kuwa 700. Ndiyo maana 500 − (−200) = 700.

Na kuzidisha je? Twende mtoni. Maji ya Tana yakipungua sentimita 2 kila siku, basi siku 3 zilizopita yalikuwa juu kuliko leo kwa sentimita 6: (−2) × (−3) = 6. Mtoto wa mkulima wa mpunga hahitaji kukaririshwa hilo.

Walimu wenzangu, najua mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, maana na itangulie kwa lugha anayoielewa mtoto, iwe Kipokomo au Kiswahili. Istilahi za kigeni zitafuata, tena zitakuta pa kukaa.