Bima ya Kumwonyesha Askari

Kijana mmoja niliyemfundisha miaka iliyopita, ambaye sasa ni mtumishi wa umma Mang'ula, alinipigia simu majuzi. Amenunua gari lake la kwanza, gari dogo lililokwisha kutumika Japani, kwa shilingi milioni 10. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo unaokatwa kwenye mshahara wake.

"Shikamoo, Mwalimu. Nikate bima ipi iliyo nafuu, ili askari wasinisumbue?"

Swali lake ndilo swali la taifa zima. Tumeizoea bima kama ushuru wa barabarani: unalipa, unapata stika, unapita. Ni wachache wanaojiuliza stika hiyo inamlinda nani.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo cha moto awe na bima ya kuwafidia watu wengine. Hii ndiyo inayoitwa mitaani bima ndogo. Kwa gari binafsi imezoeleka kulipiwa shilingi 118,000 kwa mwaka, kodi ikiwamo. Inamfidia mwenda kwa miguu uliyemgonga; gari lako mwenyewe hailigusi. Bima kubwa, inayolilinda na gari lako, kwa kawaida hutozwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa kijana wangu ni shilingi 350,000, na ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani zinakuwa 413,000. Tofauti ya bima hizo mbili haifiki shilingi 25,000 kwa mwezi.

Je, tofauti hiyo ina maana kwake? Tuitazame barabara anayopita. Mang'ula imelala chini ya milima ya Udzungwa, na mvua ya masika inayonyesha huko juu hushuka bondeni kwa kishindo. Kati ya Kidatu na Ifakara dereva hukutana na malori ya miwa, bodaboda, baiskeli zilizopakia mkaa na watoto wanaotoka shule. Mto Lumemo ukifurika, mitaa ya Ifakara hugeuka vidimbwi. Dereva mgeni anayekanyaga breki kwenye tope hana tofauti na mwenzake anayejifunza juu ya theluji: usukani unageuka, gari halifuati. Huko Quebec, nchini Kanada, sheria humlazimisha mwenye gari kufunga matairi maalumu ya majira ya baridi. Sheria yao imeyasoma mazingira yao. Yetu, inapofika kandokando ya barabara, husoma stika tu.

Gari la kijana huyu likisombwa na maji akiwa na bima ndogo, gari litakuwa limekwenda na deni litabaki. Ataendelea kukatwa mshahara kwa ajili ya chuma chakavu. Kwa hiyo nilimshauri aache kuuliza ipi ni nafuu, aulize hasara ipi hataweza kuibeba.

Nikampa na maswali ya kumpelekea wakala. Je, mafuriko yamo, au yanalipiwa zaidi? Ajali ikitokea, nitabeba kiasi gani mwenyewe kabla kampuni haijalipa? Ndugu yangu akiendesha, bima inasimama? Nikimpakia abiria kwa nauli siku moja tu, mkataba unavunjika? Taarifa ya ajali itolewe ndani ya siku ngapi? Na akishalipa, aihakiki stika yake katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, maana karatasi ya kughushi haimlipi mtu.

Alikwenda. Wakala alimsikiliza kwa heshima, kisha akakiri kwamba kuhusu mafuriko itabidi aulizie makao makuu. Halafu akamkabidhi kurasa kadhaa za mkataba, zote kwa Kiingereza.

Hapa suala linaacha kuwa la kijana mmoja. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ikiwa hakimu anapaswa kutumia lugha ya mwananchi, kwa nini mkataba ambao serikali inamlazimisha mwananchi kuununua uandikwe kwa lugha asiyoielewa vizuri? Ridhaa ya mtu asiyeelewa anachosaini ni ridhaa jina tu. Mamlaka inayosimamia bima ingeweza kuagiza kwamba kila bima ya chombo cha moto iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili: kinacholipwa, kisicholipwa, na namna ya kudai. Jambo hilo halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji nia.

Najua wapo wasioimudu bima kubwa, na dereva wa bodaboda anayehesabu pesa ya mafuta asidharauliwe. Bima ndogo iliyokatwa kwa uaminifu ni deni la utu kwa jirani: mtoto akigongwa, matibabu yake yasitegemee huruma ya aliyemgonga. Lakini jirani huyo naye ajulishwe kuwa ana haki ya kudai. Wanaharakati, anzieni hapo. Watumishi wa umma, nanyi mnajua waraka huandikwa vipi.

Kijana wangu bado anasubiri jibu la makao makuu. Masika haisubiri.