Amplifaya ya babu isikimbizwe kwenye chuma chakavu

Katika nyumba nyingi ipo amplifaya ya zamani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kuna maua ya plastiki na picha ya harusi. Babu aliinunua enzi za santuri na kaseti. Leo upande mmoja uko kimya, mwingine unakwaruza. Mama anataka iuzwe kwa kilo. Kijana wa miaka 14 ameshashika bisibisi. Baba hajui amsikilize nani.

Mzazi mwenye busara hamfukuzi mtoto, wala hamwachi peke yake. Anakaa naye, na kazi wanaianzia nje ya boksi.

Kwanza, wazime amplifaya na kubadilishana waya za spika: wa kulia uende kushoto, wa kushoto uende kulia. Ukimya ukibaki kwenye spika ileile, mgonjwa ni spika. Ukihamia spika nyingine, wazime tena, warudishe waya hizo, kisha wabadilishane waya zinazoleta muziki kutoka kwenye redio au simu. Ukimya ukihama, kosa liko kwenye waya au chombo kinacholeta muziki. Usipohama, kosa limo ndani ya amplifaya. Mtoto akifanya hivyo amejifunza kutafuta chanzo kabla ya kulaumu.

Sauti inayokwaruza kitufe kinapozungushwa mara nyingi ni vumbi na kutu. Dawa yake ni spreyi ya kusafishia swichi. Plagi ichomolewe, spreyi ipulizwe kidogo, kitufe kizungushwe mara 20 huku na huku, kisha kiachwe kikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Fyuzi ikikatika, iwekwe nyingine yenye ampea zilezile. Kuizungushia karatasi ya sigara au waya ni kualika moto sebuleni. Fyuzi mpya nayo ikikatika, kuna shoti ndani, na hapo aitwe fundi.

Hapa ndipo mzazi asipokubali mzaha. Ndani kuna kapasita kubwa mfano wa makopo madogo, nazo hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Mtoto asiingize mkono wala bisibisi humo. Mvumo mzito unaosikika hata sauti ikiwa imeshushwa kabisa mara nyingi hutokana na kapasita hizo kuchoka, na kuzibadilisha ni kazi ya fundi. Mzazi amuulize mambo matatu: je, mpya zina kipimo kilekile? Volti zake hazipungui za zamani? Chanya na hasi hazikugeuzwa? Kapasita iliyogeuzwa inaweza kupasuka.

Fundi makini haiwashi amplifaya aliyoifungua kwa kuichomeka ukutani moja kwa moja. Huipitishia umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, lakini amplifaya haijaungua.

Kwa amplifaya ya mtumba, isomwe nyuma kabla ya kuchomekwa. Zilizotengenezwa kwa matumizi ya Japani hutaka volti 100, za Marekani 120, na umeme wa Tanzania ni 230. Kosa la sekunde moja linaichoma.

Ikishapona, kuiboresha si gharama kubwa. Kipokezi kidogo cha Bluetooth huchomekwa kwenye matundu mekundu na meupe yaliyoandikwa AUX, na simu ikaanza kuimba. Kisichomekwe penye PHONO. Hapo ni pa santuri, ambayo sauti yake ni dhaifu mno na hukuzwa zaidi, hivyo muziki wa simu utatoka umeharibika. Spika nazo zisiwe na omu chache kuliko zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Jambo la mwisho linamhusu mama: kitambaa cha kufuma kihame. Matundu ya juu ni ya kutolea joto, na joto ndilo linalozeesha kapasita.

Siku amplifaya itakapoimba tena, kijana na apewe nafasi ya kuchagua wimbo wa kwanza. Wa pili achague bibi, maana yeye ndiye anayekumbuka babu alipenda upi.